Kesi ya Ngamia wa Kwenye Video

Abti Gedi, mjomba wangu, alipofariki, binti zake walianza kusafisha duka lake pale Bura, na siku ya pili wakanipigia simu Garissa. "Njoo uchukue takataka yako," mkubwa wao aliniambia, akicheka na kulia kwa pamoja. Takataka yenyewe ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kwa kipande cha shuka kuukuu. Kanda moja ya video, nyeusi, nzito, utepe wake umegandamana. Nilipoifungua, harufu ya petroli ikanipanda puani kana kwamba jenereta limezimwa jana. Juu ya plastiki mtu alikuwa amechora kwa msumari duara moja na mistari miwili chini yake. Nikakaa juu ya gunia la mchele, mimi mama mzima mwenye mtoto aliyeota ndevu, nikacheka mpaka binamu zangu wakaanza kuangaliana.

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa video ilikuwa kitu gani wakati ule. Ilikuja Bura juu ya lori la Garissa, imefunikwa godoro, na Abti Gedi ameilalia kama mtu anayesafirisha mgonjwa. Runinga moja, mashine moja ya kuchezea kanda, jenereta moja lililokohoa kuliko ajuza wote wa mtaa. Alijenga chumba cha mabati nyuma ya duka, akatandika mikeka, akasimama mlangoni na kutangaza sheria yake moja: wasichana na mbuzi hawaingii. Mbuzi waliingia mara kwa mara.

Alikuwa na kanda tatu. Mbili zilikuwa za watu wanaopigana mateke tangu mwanzo mpaka mwisho. Ya tatu haikuwa na teke hata moja na hakuna aliyeiulizia, mpaka siku moja aliiweka kwa bahati mbaya na ngamia akapita kwenye kioo. Basi. Tangu siku hiyo mateke yakakosa wateja. Unaweza kuwaonyesha watu wetu maajabu yote ya dunia. Pitisha ngamia mmoja nyuma yake, watakuuliza ana umri gani na anatoa maziwa kiasi gani.

Mimi niliitazama kupitia tundu la msumari kwenye bati. Nilikuwa na miaka minane au tisa, nikikaa na mama yangu na babu yangu mzaa mama, Awowe, ambaye ndiye baba yake Abti Gedi. Kila alasiri nikitoka shule nilipitia nyuma ya duka, nikabandika jicho. Tundu lilinipa nusu ya kioo tu, nusu ya kushoto. Kwa wiki nzima nilimwona mtoto mmoja akitembea mchangani, akigeuka na kuzungumza na mtu nisiyemwona. Nilimhurumia sana, nikaamini jua limemvuruga akili. Kumbe upande wa kulia alikuwepo ngamia, na alikuwa akizungumza na ngamia, jambo ambalo kwetu ni la mtu mwenye akili timamu kabisa.

Hadithi yenyewe niliipata kwa sauti ya Abti Gedi, aliyekuwa akitafsiri kwa Kisomali huku filamu ikiendelea. Lugha ya filamu hakuijua hata neno moja. Alitafsiri kulingana na siku yake ilivyoamka. Akikosana na mkewe, hata ngamia alitukanwa. Lakini uti wa mgongo haukubadilika. Mtoto alichukuliwa kwao akiwa mdogo, akafanyishwa kazi kwenye machimbo ya chumvi na mtu mwenye funguo nyingi kiunoni. Siku moja akatoroka na ngamia jike. Mbele yake, mbali sana, kulikuwa na mto. Ng'ambo ya mto walikuwepo watu wa mama yake, na huko hakuna tena wa kumshika. Ilimbidi aufikie mto kabla ya mtu wa funguo.

Mimi nilijua mto mmoja tu duniani, nao ni Tana. Kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba mtoto yule anakuja Garissa. Na kama anakuja Garissa lazima avuke daraja, na darajani kuna kizuizi. Mara moja nilikuwa nimesafiri na mama mpaka ng'ambo, na pale darajani lori lote lilishuka, wazee kwa vijana, kila mtu ameshika kipande chake, kile kitambulisho cha serikali, mkononi. Mama mmoja alikuwa amesahau chake nyumbani. Alishushwa na mafurushi yake, na lori likaondoka bila yeye. Sasa huyu mtoto wa machimbo, ambaye hata viatu hana, kipande atakitoa wapi? Niliwaza jambo hili darasani, niliwaza nikichota maji. Atatembea jangwa zima, nilijiambia, atawashinda simba na kiu na mtu wa funguo, halafu askari wa darajani atamwambia arudi alikotoka.

Na hakuna aliyeweza kunitoa wasiwasi, kwa sababu Bura nzima hakuna aliyeuona mwisho. Filamu ilianza baada ya swala ya alasiri. Katikati watu walibishana, kanda ikasimamishwa, ikarudishwa nyuma ili mtu amtazame tena ngamia, na ghafla adhana ya magharibi hiyo, Abti Gedi anazima jenereta na kila mtu anakimbilia msikitini. Kesho yake wanaanza upya. Wavulana waliokaa ndani walinitajia miisho minne tofauti. Mmoja alisema mtoto amekufa. Mwingine alisema amekuwa waziri.

Niseme na hili, ingawa linanitia haya: niliamini kwamba jenereta likizimwa, mtoto naye anabaki palepale aliposimama, gizani, na kiu yake. Kwa hiyo kila magharibi nilimwaga maziwa kidogo ya kikombe changu chini ya lile tundu. Mgeni akipita kwenu anapewa maziwa kwanza, maswali baadaye. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Mama alipogundua aliuliza ni paka gani ninayemfuga kwa siri.

Halafu Jumanne moja nikamsikia Abti Gedi akilalamika dukani. Mwenye kanda, mfanyabiashara wa Garissa, amemtumia salamu kwamba anaitaka. Itaondoka na lori la Alhamisi. Nilisimama na chupa ya mafuta ya taa mkononi, nikahesabu kwa vidole. Zilibaki jioni mbili, na mtoto hajafika popote.

Nilifanya nilichofanya. Nilimkuta Awowe amekaa nje ya nyumba akisuka kamba, nikamwambia haraka kabla sijaogopa, "Awowe, kwenye video ya Abti kuna ngamia mwenye chapa yako."

Mikono yake ikasimama. Lazima nieleze. Miaka michache nyuma, katika ukame ule uliomaliza mifugo, Awowe alikuwa amepoteza ngamia jike aliyeitwa Deero. Hakufa. Alipotea malishoni upande wa Sangailu, na hakuonekana tena. Awowe alikuwa amezika ngamia kumi na moja mwaka ule bila kulalamika, lakini Deero alimtafuta mpaka viatu vikaisha. Mimi nilijua hayo yote, na bado nilisema. Chapa sikuwa nimeiona. Nilikuwa nimeona tu kivuli fulani shingoni mwa ngamia, nusu yake, kupitia tundu la msumari.

"Umeiona kwa macho yako?" aliuliza.

"Wallahi," nikasema. Mungu anisamehe.

Awowe alisimama, akachukua fimbo yake, akanishika mkono. Mlangoni Abti Gedi alimwona baba yake, akaniona na mimi. "Aabo, karibu. Lakini huyu ni msichana."

"Na mimi ni mbuzi?" Awowe aliuliza. "Huyu ndiye aliyemwona ngamia. Sogea."

Tukaingia. Kwa mara ya kwanza nikakiona kioo kizima, na nikamwona mtoto wangu ana mwenzake wa safari. Furaha niliyoipata ilidumu dakika chache tu, kwa sababu Awowe alikuwa akitazama bila kupepesa. Ngamia alipita. Akapita tena, karibu zaidi, shingo yake imejaa kioo. Nikangoja Awowe anigeukie na kunivuta sikio. Badala yake aliinua fimbo.

"Simamisha," alimwambia mwanawe. "Chapa ile ni yangu. Nina dai juu ya ngamia huyu, na ninyi wote ni mashahidi kwamba nimedai."

Hakuna aliyeshtuka kuliko mimi. Nilikuwa nimesema uongo, na uongo wangu umesimama mbele yangu na chapa shingoni.

Kwetu, mtu akishaweka dai juu ya ngamia mbele ya mashahidi, mnyama yule haondoki mahali alipo mpaka wazee wamesikiliza. Hauzwi, hahamishwi. Abti Gedi alijaribu kusema kwamba ngamia hayupo, kilichopo ni kanda tu, na kanda ina mwenyewe. Wazee walilitafakari neno hilo usiku kucha, na asubuhi Mzee Hirsi, msemaji wao, akatoa jibu: kanda ndiyo ushahidi, na ushahidi hauondoki kabla ya kesi. Lori la Alhamisi likaenda zake bila kanda.

Kesi ikapangwa Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, ili mchana wote uwepo. Walihitaji mtu wa kati asiye na ukoo wowote pale, na mtu wa namna hiyo Bura alikuwa mmoja, Mwalimu Mutua, mwalimu wangu wa darasa la tatu kutoka Kitui. Kwa ajili yake wazee walilazimika kuchanganya Kiswahili, na Kiswahili chao kilikuwa kile cha sokoni.

"Mwalimu, wewe hana ukoo hapa," Mzee Hirsi alimweleza. "Kaa mbele, karibu na fideo. Wewe angalia sikio."

"Wazee wangu, mimi ngamia siwajui," Mwalimu alijitetea. "Kwetu ni mbuzi na ng'ombe."

"Sikio unajua?"

"Sikio najua."

"Basi."

Mambo yalikuwa hivi. Duara na mistari miwili, chapa ya Awowe, ni alama ambayo mtu mwingine wa mbali anaweza kuwa nayo. Kwa hiyo mdai hutakiwa ataje alama nyingine, iliyofichika, kabla mnyama hajaletwa. Awowe alitaja kwamba Deero alikatwa ncha ya sikio la kushoto akiwa ndama. Na katika sehemu yote ya filamu iliyowahi kuonekana Bura, ngamia yule alionyesha upande wa kulia tu. Ilibidi basi itazamwe yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, mpaka sikio la kushoto litokee.

Kabla hawajaanza, Awowe alimgeukia Mwalimu, kwa sababu hakutaka mgeni amdharau. "Mwalimu, mimi najua hii ni bicha tu. Mimi si mjinga. Lakini bicha natoka wabi? Natoka kwa ngamia. Na hiyo ngamia sasa iko kwa nani? Hiyo ndiyo mimi nauliza."

"Swali ni zuri, mzee," Mwalimu alisema, na nadhani alimaanisha.

Mimi niliketishwa mkeka wa mbele kabisa, kwa kuwa shahidi wa kwanza. Wavulana wote walitolewa nje. Niligeuka kutazama ukuta wa nyuma, na kwenye tundu langu kulikuwa na jicho. Nililitolea ulimi.

Sijawahi kuona filamu ikitazamwa vile tena. Wazee kumi na wawili, vilemba vyeupe vya Ijumaa, na hakuna tukio lililopita bila kusikilizwa. Mtoto alipomfunga ngamia mzigo, walipiga kelele kwamba ameufunga vibaya, utamchubua. Alipomnywesha kwa sufuria, mmoja alifunika uso. Alipolala bila kumfunga goti ngamia, Mzee Hirsi alisimama kabisa. "Mfunge, mwanangu! Utaamka huna kitu!" Mtu wa funguo alipotokea juu ya kilima, chumba kizima kilimlaani kwa sauti moja, na Mwalimu Mutua, ambaye alitakiwa kuangalia sikio tu, alipiga paja lake na kusema neno la Kikamba.

Mchanga ukaanza kupungua, miti ikaonekana. Nikajua tunakaribia. Nikamvuta Awowe shuka. "Awowe," nikamnong'oneza, "mtoto hana kipande."

Alinitazama chini. Mkono wake ukapanda kifuani, kwenye kifuko cha ngozi alichokivaa shingoni mchana na usiku, ambamo kipande chake kilikaa kimekunjwa ndani ya nailoni. Hata akioga hakukivua. "Kwani anakwenda wapi?" aliuliza.

"Anakuja mtoni. Kwenye kizuizi."

Hakucheka. Watu wazima wengi wangecheka. "Tutaona," alisema, na akaniwekea mkono kichwani.

Mto ukatokea. Ulikuwa mpana, wa udongo, unafanana na Tana kwa kila kitu. Nilitafuta daraja, halikuwepo. Nilitafuta lile gogo lenye rangi nyekundu na nyeupe, halikuwepo. Nikatafuta kofia, meza, mtu anayenyoosha mkono. Hakuna mtu. Kulikuwa na maji na ukingo wa pili, na kwenye ukingo wa pili wanawake wanafua nguo. Mtoto akaingia majini hadi magotini, halafu hadi kiunoni, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Hakuna kizuizi!" nilipiga kelele. "Awowe, hakuna kizuizi!"

Nilidhani watanicheka au watanitoa. Macho yote yalibaki kwenye kioo. Hata Abti Gedi, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, hakutafsiri neno. Mwanamke mmoja kule ng'ambo aliacha nguo zake, akainuka polepole, akatia kivuli machoni kwa mkono wake. Kisha akaanza kukimbia. Filamu ikaisha, michirizi myeupe ikajaa kioo, na tukabaki tukiitazama hiyo michirizi.

Mzee Hirsi alikohoa. "Mwalimu. Sikio?"

Mwalimu Mutua alikuwa ameshika miwani mkononi, anaifuta kwa ncha ya shati. "Sikio gani?" aliuliza.

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Kumbe hakuna hata mmoja aliyelitazama sikio, mdai mwenyewe akiwemo. Abti Gedi akarudisha kanda nyuma, na mtoto akafika tena. Mara ya pili nayo watu walimtazama mama anayekimbia. Ilibidi irudishwe mara ya tatu, Mzee Hirsi ameweka kidole juu ya kioo mahali ngamia atakapogeuka, na hapo tukaliona, mtoto anapomvua ngamia kamba naye anatangulia kutoka majini. Sikio la kushoto, zima, refu, halijaguswa na kisu.

"Sikio zima," Mwalimu alitamka, kwa sauti ya kusoma matokeo ya mtihani.

"Nimeshindwa," Awowe alisema, kwa utulivu wa ajabu. Aliyeshindwa dai huchinjia wazee, na jioni ile alichinja dume la kondoo alilokuwa akilinenepesha kwa Idi. Bura ilikula. Mwalimu Mutua alipewa mkia wenye mafuta kwa heshima ya kazi yake, akaumaliza kwa shida.

Mimi nyama sikuigusa. Awowe aliaibika mbele ya wazee, kondoo wa Idi amekwisha, na yote ni kwa ulimi wangu. Alipokwenda kukaa peke yake kwenye kigoda chake nilimfuata, nikasimama mbele yake nikilia. "Awowe, nilikudanganya. Chapa sikuiona."

Aliendelea kuchokonoa meno. "Mimi pia sikuiona," alisema.

Machozi yalikatika yenyewe.

"Deero alikuwa akitupa mguu wa nyuma nje kidogo akitembea," akaendelea. "Yule wa kwenye video anatembea kama ngamia wa wafanyabiashara. Nilijua kabla hajafika katikati ya kioo. Kile kilichokuwa shingoni mwake ni uchafu tu."

"Sasa kwa nini ulidai?"

"Ningewaambia wazee mjukuu wangu anataka kujua kama mtoto alifika, nani angekaa? Waambie ngamia, na mgonjwa ataamka kitandani." Alicheka kidogo, halafu akaacha. Mkono ukarudi kwenye kile kifuko cha ngozi. "Tena usidhani ni kwa ajili yako peke yako. Mimi mtu mzima, nimevuka ule mto wetu mara ngapi, na kila mara nikiulizwa mimi ni nani. Nilipokaa pale na kuona jinsi yule mtoto anavyotembea, nikasema sitaondoka Bura hii kabla sijajua kama alivuka."

Wiki iliyofuata alimpelekea mwenye kanda mbuzi jike na mtoto wake, na kanda ikawa yetu. Ijumaa baada ya Ijumaa mtoto alifika, na Abti Gedi alibadilisha sheria yake ya mlangoni. Ikabaki ya mbuzi tu. Lakini kabla ya hayo, jioni ileile kanda ilipokuwa yetu, Awowe aliniita, akaiweka juu ya goti lake, akatoa msumari. Alichora duara. Akachora mistari miwili chini yake, taratibu, kwa nguvu zote za kidole gumba, akapuliza unga wa plastiki.

"Haya," alisema, akinipa nishike. "Sasa chapa ipo. Hakuna aliyedanganya."